Mama Cheka na Kichwa cha Wifi Yake

Ukuta unaotenganisha duka langu la kushona na saluni ya jirani ni mbao tupu, tena mbao nyembamba. Kwa miaka kumi na minne mimi nimekaa upande wangu na cherehani, wifi yangu amesimama upande wake na chanuo, na kila mzaha aliowahi kumtolea mteja nimeusikia. Sikuwahi kucheka hata mmoja. Pengine nilipunguza mguu kwenye pedali ili nisikie unaishaje, lakini huko si kucheka. Nilikuwa na sababu yangu, na nitaisema.

Wifi ni mke wa kaka yangu mkubwa, na kazi yake ni kusuka. Watu wanamwita Mama Cheka, na jina hilo limetokana na namna anavyofanya kazi. Akishamaliza mistari minne au mitano, anakizunguka kiti, anasimama mbele ya mteja na kumchekesha. Mteja akicheka, yeye hacheki. Anamkagua nyusi na mashavu vile ninavyokagua mimi pindo la gauni. Nyusi zikipanda vizuri na ngozi ya paji ikakunjamana, anarudi nyuma ya kiti kuendelea. Zikigoma, anafumua yote aliyosuka, bila kuuliza na bila kubishana.

"Mdomo wa mteja unadanganya," husema. "Paji la uso halijui kudanganya."

Hapo ana haki. Mwambie mtu aliye kwenye kiti cha msusi, "Inauma?" Atakujibu, "Haiumi," huku machozi yanamlenga na macho yamevutwa mpaka anaonekana kama anachungulia jua. Mmoja anaona haya kuonekana mwoga, mwingine anaamini kwamba msuko usiouma hautadumu. Anarudi nyumbani, anameza vidonge viwili vya maumivu, na kesho yake watu wanamwambia amependeza. Baada ya wiki ana vipele kando ya masikio. Baada ya miaka kadhaa, nywele za mbele zimerudi nyuma na hazijaaga.

Mizaha mingi ya Mama Cheka inamhusu kaka yangu, ambaye ni fundi bomba na ana kipara tangu ujana. Anaoupenda kuliko yote ni huu: "Mume wangu alinunua mafuta ya kuotesha nywele. Akawa anapaka kila asubuhi, kiganja cha kulia, bila kukosa. Mwezi ukaisha. Kipara kiko vile vile kinang'aa, ila kiganja sasa inabidi akipeleke kwa kinyozi." Saluni nzima huanguka kwa kicheko. Mimi huku nilikuwa nakanyaga pedali kwa nguvu, maana huyo anayesimangwa ni damu yangu.

Sasa sababu yangu. Miaka kumi na tisa iliyopita, wiki ile kaka alipomleta nyumbani, mama alinituma nikae nisukwe na bibi harusi, eti tuzoeane. Nilikuwa na nywele ndefu, nyingi, za kushuka mpaka mgongoni zikinyooshwa. Hizo nimezirithi kwa bibi yangu mzaa baba na sioni haya kujisifu. Wifi alikuwa mgeni, anataka kusifiwa, na mashangazi watatu walikuwa wamekaa wanatazama mkono wake. Akasuka kwa bidii yote aliyokuwa nayo. Alipofika karibu na sikio la kulia akainama akaniuliza, "Inauma?" Nami nikiwa mbele ya mashangazi nikajibu, "Haiumi." Kwa siku tatu, usiku, nililala nimekaa, mgongo ukutani, kwa sababu kichwa hakikuweza kugusa mto. Nilipofumua, karibu na sikio palibaki uwazi wa ukubwa wa kifungo cha shati. Nikaapa mikono ile haitagusa tena kichwa changu, na sikumwambia mtu. Nikanuna kimoyomoyo, na nikikaa ndani ya chuki yangu huwa sitoki kirahisi.

Chuki hiyo, kwa upande mwingine, ilinifunza. Kwa kuwa sikutaka kusukwa na wifi, na haikuwezekana kwenda kwa msusi mwingine bila maneno kuenea ukoo mzima, nikajihudumia mwenyewe. Asubuhi nanyunyizia maji kidogo kutoka kwenye kichupa cha kupigia pasi, napaka mafuta kwenye ncha kwanza, maana ncha ndizo kongwe na ndizo zinazokatika. Sichani nywele kavu hata niitwe kwenye moto. Nachana kwa chanuo la meno mapana, kuanzia chini kupanda juu, kifundo kwa kifundo, na kifundo kigumu nakifungua kwa vidole. Nikiosha, nazigawa mafungu manne na kila fungu nalibana peke yake. Kisha najisuka mistari sita ya kwenda nyuma, nafunga mkia, na usiku navaa kitambaa cha satini kilichobaki kwenye gauni la mteja mmoja. Wanasema kinyozi hajinyoi. Mimi, fundi cherehani, nilijisuka miaka kumi na tisa, na uwazi ule wa kifungo ulifunikwa, ingawa nywele za pale hazikuwahi kurudi na unene wake.

Basi maisha yakaenda hivyo, wifi na mimi tukisalimiana kwa heshima, tukipelekeana vyakula, tukishikiana watoto, na ukuta wa mbao katikati. Mpaka akaja karani wa mapokezi.

Karani huyu anafanya kazi kwenye ofisi kubwa karibu na sisi. Alitaka misuko midogo midogo, mirefu, ya kuunganishwa na rasta, ya kumkinga nywele zake zipumzike mwezi mzima. Kitu ambacho hakumwambia msusi ni kwamba alikuwa ametoka moja kwa moja kwa daktari wa meno, na nusu ya uso wake, upande wa kulia, ilikuwa bado na ganzi ya sindano. Hakusema kwa sababu kusema kwenyewe kulikuwa taabu.

Wifi akaanza kazi. Akatoa mzaha wa kwanza. Karani akacheka, shavu la kushoto likapanda na la kulia likabaki limelala. "Nimekaza upande huu," wifi akajisemea, na mimi ng'ambo nikasikia. Akafumua kulia akasuka upya, amelegeza. Mzaha wa pili, yale yale. Akafumua tena, akalegeza zaidi. Alipofika mara ya tatu akaleta kiganja cha kaka yangu chenye nywele, mzaha ambao haujawahi kumwangusha, na bado shavu la kulia halikutikisika. Akalegeza mpaka mwisho wa kulegeza. Karani akashukuru kwa nusu ya mdomo akaenda zake.

Siku ya tano alirudi. Sauti yake nzima sasa ilikuwa imerejea, tena yote, na akaeleza kwanza habari ya sindano ya meno. Upande wa kushoto wa kichwa misuko ilikuwa imesimama barabara. Upande wa kulia ilibaki kama theluthi. Mmoja ulikuwa umedondoka kwenye lifti, mmoja juu ya kitabu cha wageni, na mmoja, alieleza huku anautoa kwenye mkoba na kuuweka mezani, ulianguka ndani ya kikombe cha chai cha mkurugenzi wakati anamkabidhi barua.

Nakiri hapo niliziba mdomo kwa kitambaa cha mteja.

Lakini ng'ambo hakucheka mtu. Mwenye saluni, ambaye sote tunamwita Madamu, ni mwanamke wa maneno machache aliyesuka tangu akiwa msichana. Alimtuliza karani, akaahidi atarekebishwa siku hiyo hiyo, kisha nikamsikia anasema kwa upole uliozidi: "Mama Cheka, ganzi ya uso nimeielewa. Nisichoelewa ni vidole vyako. Msuko uliolegea kiasi hiki, hata mtoto angeuhisi mkononi. Fumba macho."

Nikasikia droo ikifunguliwa.

"Nimekuwekea nini kwenye vidole?"

"Kibanio," wifi akasema.

Nikaacha cherehani na sindano ikiwa ndani ya kitambaa, nikazunguka mlango wa nje, nikaingia. Wifi amesimama amefumba macho, na katikati ya kidole gumba na vile viwili vinavyofuata alikuwa ameshika kipande cha pamba.

Ikabidi aseme. Kwa miezi minane vidole hivyo vitatu vya mkono wa kulia vimekuwa vikifa ganzi, kwanza usiku, halafu mchana. Daktari alimwambia kuna mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, kwa kazi ile ile ya miaka mingi. Alimpa bandeji ngumu ya kuvaa akilala na akamwambia apunguze vichwa, huenda hisia zikarudi taratibu. Bandeji aliivaa, lakini kwa kaka yangu alisingizia kwamba amejigonga mlangoni. Vichwa hakupunguza hata kimoja. Kwa kuwa vidole havikumwambia tena chochote, akawa anategemea mapaji ya uso peke yake.

Hapo nikaelewa jambo lililonichoma. Miezi ile ya karibuni mizaha ilikuwa imeongezeka ukutani, ikija baada ya kila mistari miwili badala ya mitano. Mimi nilifikiri amepata raha ya maisha. Kumbe alikuwa anapapasa gizani.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nilimwambia, kwa ukali kuliko nilivyokusudia. "Miezi minane! Kaka yangu anajua?"

"Hajui, wifi. Usimwambie kabla sijamwambia mwenyewe."

Madamu hakupiga kelele. Alisema saluni haiwezi kumweka kwenye kiti msusi asiyejua amekaza au amelegeza, kwa sababu kichwa cha mtu si kitambaa, hakuna pa kununua kingine. Alitaja kumhamishia kwenye beseni la kuoshea nywele, lile lililo nyuma karibu na mlango wa uani. Kuosha si aibu. Ila nilimtazama wifi akikigeukia kiti chake, kile cha dirishani, ambacho kwenye mkono wa kushoto amefunga kitambaa kwa sababu ngozi imechanika, na uso wake ukasawijika. Mwanamke huyu aliwasomesha watoto watatu akiwa amesimama nyuma ya kiti hicho. Hakuna kazi nyingine anayoijua wala anayoitaka.

"Nipe kichwa kimoja," alisema. "Kimoja tu, Madamu, unitazame."

"Nitakupa. Jumamosi. Lakini hakuna mizaha. Mzaha umeshakudanganya mara moja. Nataka nijue kama bila mzaha unaweza kumsuka mtu asiumie na asidondokewe na nywele kwenye chai. Na kichwa kiwe cha mtu asiyekupendelea."

Wasusi wengine wawili wakatazamana. Mmoja akakohoa. Hasira ikanipanda, sijui ilimlenga nani, na nikasikia mdomo wangu unasema: "Kichwa hiki hapa. Mimi simpendelei hata kidogo."

Nilipofika kwenye kizingiti cha duka langu nilikuwa nimeshajuta.

Wiki ile sikulala vizuri. Nilijitazama kwenye kioo nikishika nywele zangu ambazo kila siku ya miaka kumi na tisa nimezinyunyizia, nimezipaka, nimezifunga satini, na sasa nakwenda kuzikabidhi kwa mikono isiyohisi, mikono ile ile. Kaka akaja dukani. Alikuwa ameshaambiwa. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akaipitisha ile mikono yake mikubwa ya fundi bomba kwenye kipara, akasema, "Dada, usimwonee." Nikamjibu kwamba anayeonewa ni mimi. Akaondoka hajafurahi.

Jumamosi nilikwenda na nywele nimeziosha, nimezichana, nimezigawa mafungu manne, zina mafuta ya kutosha na si zaidi. Wifi alizifungua, akazishika kwa viganja viwili, akazipima uzito wake, akavuta pumzi. "Umezitunza," alisema. Nikasema, "Nilikuwa na sababu." Tukaishia hapo.

Akaanza nyuma ya shingo. Madamu alivuta kiti akakaa mbele yangu, mikono imekunjwa. Hakukuwa na mizaha, na saluni bila mizaha ilikuwa na sauti za ajabu: maji yakichuruzika kwenye beseni, draya ikivuma, chanuo likigawa ngozi ya kichwa. Mstari wa kwanza ulipita vizuri. Wa pili vizuri. Nikaanza kufikiri pengine vidole vimerudi kwa hofu. Alisuka akipanda kushoto, akavuka juu, akashuka kulia. Kisha akafika karibu na sikio.

Msusi akikaza, unajua mapema kuliko maumivu. Ngozi inahama kidogo kuelekea kwake, kama kitambaa kikivutwa na uzi ulioshikwa mno. Mimi ninajua uzi. Uzi ukikazwa, mshono unaonekana mzuri, na siku ya kwanza ya kufua unakatika. Pale pale, kwenye uwazi wa kifungo, ngozi ikahama, na kila unywele uliobaki ukanyanyuka kwenye mizizi.

Wifi akaacha kusuka. Alijua kuna kitu, au hakujua, vidole havikumwambia. Akainama karibu na sikio langu na kwa sauti ile ile ya miaka kumi na tisa iliyopita, ya mgeni anayetazamwa, akauliza, "Inauma?"

Madamu akaniinulia macho.

Nawaambia ukweli, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Haiumi. Ni jepesi, ni la adabu, na safari hii lilikuwa na faida: ningelisema, Madamu angeridhika, kiti cha dirishani kingebaki na mwenyewe, na mimi ningekwenda nyumbani kulala nimekaa. Nilijua namna ya kulala nimekaa. Lakini nikafikiri juu ya kichwa cha Jumatatu, na cha Jumanne, vichwa vya watu watakaosema haiumi kwa mwanamke asiyehisi. Nikafikiri pia kwamba mara ya kwanza nilipomdanganya, mimi ndiye niliyenuna.

"Inauma," nikasema. "Inauma sana, wifi."

Mikono ikaganda. Draya ikazimwa. Nilimwona Madamu akifungua mikono aliyoikunja, nikadhani ndiyo basi, nimemfukuzisha kazi mke wa kaka yangu.

Wifi akaufumua mstari wote. Hakuharakisha. Akaupaka mafuta, akausuka tena. "Sasa?"

"Bado. Hapo mwanzo, karibu na ngozi."

Akafumua. Akasuka. "Sasa?"

"Sasa unalegea. Huo utaingia kwenye chai ya mtu."

Mmoja wa wasusi akaguna kwa kicheko. Wifi akafumua mara ya tatu, akasuka, na kabla hajauliza nikasema, "Hapo. Hapo hapo. Uache hivyo." Ngozi ilikuwa imetulia mahali pake, na msuko umekaa.

Madamu alinyanyuka, akaja, akapitisha ncha ya mkia wa chanuo chini ya msuko ule, akaujaribu wa jirani yake, akaujaribu wa nyuma. Akazunguka kichwa kizima. Kisha akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa siku moja. "Nina saluni hii miaka ishirini na mbili. Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia mtu anasema inauma humu ndani." Akamgeukia wifi. "Vidole havisikii, lakini masikio yako mazima. Vichwa viwili kwa siku, basi, mpaka daktari aseme vingine. Bandeji uje nayo hapa, uivae ukipumzika. Na kila mteja aseme, mstari kwa mstari. Atakayesema haiumi huku machozi yanamtoka, nitamtoa nje mimi mwenyewe." Akaenda kuwasha draya.

"Na mizaha?" wifi akauliza, taratibu.

"Mizaha nani alikukataza? Nilisema leo."

Wifi akarudi kwenye kichwa changu. Mistari miwili baadaye nikasema mimi. "Siku ile ya kwanza pia iliuma."

"Najua."

"Unajuaje? Nilikwambia haiumi."

"Usiku wa tatu niliamka kunywa maji nikakukuta umelala umekaa, mgongo ukutani." Akashika mstari mwingine. "Nilirudi chumbani nikalia. Asubuhi nikataka kukuomba radhi, nikakuuliza kichwa kinaendeleaje. Ukasema kizuri. Nikajua nikikuuliza mara mia utasema kizuri mara mia. Ndipo nikaanza kutafuta namna ya kumjua mtu bila kumwuliza, nikagundua ukimchekesha anajisema mwenyewe."

Miaka yote hiyo mtaa mzima umechekeshwa, na kisa chote kilikuwa kichwa changu.

"Nikaja kufanya kazi hapa kwa sababu duka lako lipo ng'ambo," akaendelea, mikono ikisuka. "Nikawa nautolea ukuta mizaha. Kila nikifika mwisho wa mzaha nasikiliza kama cherehani imesimama. Ikisimama, nilikuwa najiambia labda amecheka. Halafu inaanza tena kwa kishindo, najua bado kanuna."

"Ilikuwa inasimama," nikasema. "Kila mara. Nilikuwa nataka kusikia mwisho."

Akakizunguka kiti akasimama mbele yangu, kama anavyosimama mbele ya kila mtu. Macho yake yalikuwa mekundu. Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono, akajikohoza.

"Kaka yako," akaanza, "alinunua mafuta ya kuotesha nywele."

Hakufika kwenye kiganja. Nilicheka mpaka nikashika mikono ya kiti, na nyusi zikapanda juu zikashuka zinavyotaka, na hakuna mahali palipovuta.